Anachora wadudu kisha anachoma picha zake: je, ugonjwa unarudi?

"Daktari, mimi ni dada mkubwa wa kijana wa miaka 31 aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki. Miaka minne iliyopita akili yake ilivurugika. Alikuwa anasikia sauti, halali, anasema watu wa redio wanamsema yeye. Akalazwa. Sasa anatumia dawa na tunaishi naye vizuri, ila gitaa hataki hata kuliona. Anachora. Anachora wadudu tu: mbawakawa, nondo, siafu, mwanzo kwenye karatasi na sasa kwenye turubai kwa rangi za mafuta. Rafiki yake wa bendi alinionyesha jalada la albamu ya Syd Barrett, yule wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, lenye wadudu aliowachora mwenyewe, akaniambia akili ikivunjika ndivyo inavyochora, nimwangalie mdogo wangu. Tangu hapo silali. Na kila akimaliza picha, anaipiga picha kwa simu halafu anaichoma nyuma ya nyumba. Nimeanza kuzificha baadhi bila yeye kujua. Huyo rafiki anataka tumfanyie maonyesho, watu waone alichopitia. Je, picha hizi zinaonyesha kuwa ugonjwa unarudi? Nimzuie kuchoma?"

Dada yangu, nimesoma barua yako zaidi ya mara moja. Naona mtu anayemlinda mdogo wake kwa macho mawili mchana na kwa masikio usiku, na sasa amepewa kitu kipya cha kuogopa. Hofu hiyo uliyopewa na rafiki nataka tuiondoe kwanza, kwa sababu imejengwa juu ya kosa la tarehe.

Albamu uliyoonyeshwa inaitwa Barrett, na ilitoka Novemba 1970. Kufikia wakati huo Syd Barrett alikuwa ameshaachana na Pink Floyd, na hadithi za kuvurugika kwake zilikuwa zimeenea London nzima. Ndiyo maana mtu akitazama wale wadudu anadhani anaona matokeo ya yote hayo. Lakini wadudu wale hawakuchorwa mwaka 1970. Ni kazi ya enzi zake za uanafunzi wa sanaa, kabla hajawa mwanamuziki maarufu. Kilichofanyika ni kuchukua mchoro wa zamani na kuuweka kwenye jalada jipya. Mkono uliochora wadudu wale ni wa kijana mzima anayejifunza kuangalia vitu vidogo kwa makini: mdudu mmoja mmoja, kila mmoja na nafasi yake, miguu na mabawa yakifuatwa kwa subira. Walimu wa sanaa kila mahali huwapa wanafunzi wao zoezi la namna hiyo. Rafiki yenu alianza na hadithi ya ugonjwa, kisha akaisoma ndani ya picha. Hakuisoma kutoka kwenye picha.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau kuhusu Barrett. Husemwa kwamba muziki ulipomshinda ndipo akakimbilia rangi. Mambo yalianza kinyume chake. Alizaliwa Cambridge mwaka 1946 kwa jina la Roger Keith Barrett, akasoma sanaa katika mji huo, na mwaka 1964 akaenda London kusomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Camberwell. Bendi ilimkuta akiwa mchoraji. Albamu ya kwanza ya Pink Floyd ilitoka mwaka 1967, na mwaka uliofuata yeye hakuwamo tena. Kwa hiyo uchoraji ulikuwa kazi yake ya kwanza aliyoirudia. Hata ile sakafu maarufu kwenye jalada la albamu yake nyingine ya 1970, The Madcap Laughs, yenye mbao zilizopakwa mistari ya rangi ya chungwa na zambarau, watu wameitafsiri kuwa ni kazi ya mtu aliyepotewa na akili. Mimi nikiitazama naona kijana aliyesomea rangi, anayeishi nyumba moja na mchoraji mwenzake, Duggie Fields, katika London ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu wengi waliokuwa na akili timamu walipaka vitu vya ajabu zaidi wakati ule.

Nakuomba pia usimpe mdogo wako ugonjwa wa Barrett, wala usimpe Barrett ugonjwa wa mdogo wako. Ni kweli Barrett alibadilika sana kati ya 1967 na 1968, na marafiki zake wameeleza hivyo. Ni kweli pia kwamba alitumia kwa wingi LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone mambo yasiyokuwepo. Lakini hakuna utambuzi wa kitabibu uliowahi kuthibitishwa hadharani juu yake, na baada ya kifo chake mwaka 2006 dada yake alikana kwamba aliishi na ugonjwa wa akili katika miaka ile ya mwisho. Waandishi wamemgawia magonjwa mbalimbali, kila mmoja lake, bila kumwona. Sisi tulio kwenye taaluma hii tunajua kwamba mtu hapimwi kwa picha za magazeti. Mdogo wako amepimwa na watu waliokaa naye na kumsikiliza. Ana dawa, na ana wewe.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: je, picha inaweza kutuonyesha ugonjwa? Imani hii ni ya zamani, na imewapotosha hata madaktari. Pengine umewahi kuona picha za paka za Mwingereza Louis Wain zikipangwa kwa safu: paka wa kawaida mwanzoni, kisha paka mwenye macho makali, kisha paka anayesambaratika kuwa maua na pembe za rangi. Kwa miaka mingi safu hiyo ilichapishwa katika vitabu vya saikolojia kama ushahidi wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, ikimla mtu hatua kwa hatua. Kumbe picha zile hazikuwa na tarehe. Aliyezipanga hivyo ni daktari wa akili, Walter Maclay, aliyezipata katika duka moja London mwaka 1939, akazipanga kwa jinsi alivyofikiri ugonjwa unakwenda. Wain mwenyewe, aliyeishi hospitalini tangu 1924 hadi kufa kwake mwaka 1939, aliendelea kuchora paka wake wa kawaida humohumo wodini. Mtu alipanga hofu yake, akaiita ushahidi.

Kabla yake, Hans Prinzhorn wa Heidelberg, Ujerumani, alikusanya maelfu ya michoro ya wagonjwa wa hospitali za akili, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1922. Alikuwa daktari na pia alikuwa amesomea historia ya sanaa, kwa hiyo kama kuna mtu angeweza kuusoma ugonjwa kwenye karatasi, ni yeye. Alifika mahali pa kusema kwamba huwezi kuitazama picha, ukakuta sifa fulani, ukatangaza kwa uhakika kuwa imechorwa na mgonjwa. Mstari unaorudiwarudiwa, karatasi iliyojazwa hadi pembeni, viumbe vya ajabu: vyote hivyo hupatikana kwa watoto, kwa watu wazima waliochoka na mkutano, na kwa wachoraji wakubwa.

Sababu yake ni hii. Saikosisi, hali aliyokuwa nayo mdogo wako alipolazwa, si ugonjwa wa mkono wala wa jicho. Tunavyoielewa leo, sehemu kubwa yake inahusu namna ubongo unavyopima kipi kina maana na kipi hakina. Dopamini, kemikali inayosaidia kuashiria "hili ni muhimu, liangalie", hufanya kazi kupita kiasi au mahali pasipostahili. Ndipo sauti ya redio inakuwa ujumbe wake binafsi, na gari lililoegeshwa linakuwa jasusi. Mtu aliye katikati ya hali hiyo kwa kawaida hawezi kukaa na mguu mmoja wa mbawakawa kwa saa nzima. Mawazo yanamkimbiza, usingizi umekatika, anaanza kitu na kukiacha. Uchoraji unadai mambo ambayo saikosisi ikiwa kali huyaharibu mapema: kupanga, kusubiri, kurudi kwenye kazi ya jana na kuikamilisha. Kwa hiyo mdogo wako kukaa na turubai moja hadi iishe ni dalili njema kuliko ulivyoambiwa. Na wadudu kuwa somo lake la kila siku si ajabu. Wachoraji wengi hushika kitu kimoja miaka na miaka, na mdudu ana faida kubwa: ni mdogo, yupo kila mahali, na haombi kuzungumziwa.

Nikupe tahadhari moja hapa. Ikiwa siku moja mistari yake itaanza kutetemeka, au picha zikawa nzito na chache, usikimbilie kusema akili imerudi nyuma. Nyingi ya dawa za saikosisi hupunguza kazi ya dopamini, na kwa baadhi ya watu hilo huleta mkono unaotetemeka, viungo vinavyokakamaa, au macho yanayoona ukungu. Mchoraji huyahisi mambo hayo kabla ya mtu mwingine yeyote. Anayestahili kuambiwa ni daktari aliyemwandikia dawa, kwa sababu kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Asiache dawa ghafla mwenyewe kwa ajili ya mkono. Wengi wanaorudi wodini walianzia hapo.

Unataka kujua uangalie nini, basi, kama si picha? Angalia usingizi kwanza. Usiku mbili tatu za kutolala, huku akiwa na nguvu za ajabu mchana, zinaniambia mengi kuliko wadudu elfu. Angalia kama anakula, kama anaoga, kama anajifungia tofauti na kawaida yake. Sikiliza mazungumzo: je, maneno yanafuatana, je, redio imeanza tena kumsema? Anacheka au kujibu mtu asiyekuwepo? Amekasirikia watu wa nyumbani kwa sababu usizozielewa? Na bangi. Kama alikuwa akiivuta enzi za bendi, kuirudia ni hatari halisi kwa mtu mwenye historia yake, kwa sababu huongeza uwezekano wa saikosisi kurudi. Dalili za mwanzo mara nyingi hufanana na zile za mara ya kwanza, kwa hiyo kaa naye siku aliyotulia, mkumbuke pamoja zilikuwa zipi, mziandike. Yeye anazijua kuliko wewe.

Sasa kuchoma. Hili naona ndilo linalokuumiza zaidi, maana kuona kitu kizuri kikiteketea kunafanana na kumwona yeye mwenyewe akiteketea. Barrett alifanya hivyohivyo. Baada ya kurudi Cambridge aliishi kimya, akilima bustani na kuchora, na familia yake imeeleza kwamba alikuwa na mazoea ya kuchora picha, kuipiga picha, kisha kuiharibu. Ndiyo maana kazi zake nyingi za baadaye hazipo, na tulizo nazo zaidi ni za ujana wake. Watu husimulia hili kama kilele cha wazimu. Lakini tazama wengine. Mwaka huohuo wa 1970, msanii Mmarekani John Baldessari alichukua picha alizochora tangu 1953 hadi 1966 alizokuwa bado nazo, akazipeleka mahali pa kuchomea maiti, zikachomwa. Dunia ya sanaa ikaiita kazi muhimu. Mchoraji Mfaransa Claude Monet aliharibu turubai kadhaa za mayungiyungi mwaka 1908, muda mfupi kabla ya kuzionyesha. Mchoraji mwingine, Francis Bacon, alipokufa mwaka 1992, karakana yake London ilikutwa na turubai takribani 100 alizozichana kwa kisu. Hakuna aliyesema Monet alazwe.

Watu huharibu kazi zao kwa sababu nyingi, na sababu ya mdogo wako utaijua kwa kumwuliza tu. Huenda haimridhishi. Huenda anachokitaka ni zile saa za kuchora, na turubai ikishakauka haina kazi tena kwake. Nikikumbuka alivyoishi, nafikiria jambo la tatu, nawe lipime: mwanamuziki hufanya kazi mbele ya watu, na kilichorekodiwa hakifutiki. Kama aliugua huku bendi na mashabiki wakimtazama, inaweza kuwa uchoraji ni mahali pa kwanza ambapo hakuna atakayemhukumu, na moto unalinda mahali hapo. Kumbuka pia kwamba anapiga picha kwanza. Mtu anayetaka kufuta kila kitu hafanyi hivyo. Anahifadhi kile anachokitaka, kwa namna anayoitaka yeye.

Ndiyo sababu naomba uache kuzificha, na zile ulizoficha umrudishie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Najua ulifanya kwa upendo. Lakini mtu aliyewahi kuamini kuwa watu wanamfuatilia na kumchukulia vitu vyake, akigundua kuwa dada yake kweli anamchukulia vitu vyake, mtapoteza kitu kigumu kukirudisha kuliko picha yoyote. Mwambie: "Nilichukua hizi kwa sababu nilizipenda na niliogopa. Ni zako. Ukiamua kuzichoma ni sawa, ila kama kuna moja ungependa nikae nayo, ningefurahi." Halafu nyamaza. Anaweza kukupa moja. Anaweza asikupe, na itakuuma, na bado utakuwa umefanya sawa.

Kitu ambacho una haki ya kukiwekea mipaka ni moto. Turubai yenye rangi ya mafuta huwaka kwa nguvu, tapentaini hata mvuke wake hushika moto, na baadhi ya rangi zina metali za risasi au kadmiamu, moshi wake ni sumu. Kuna hatari nyingine ambayo wachoraji wapya hawaijui: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa na kurundikwa hujipasha joto vyenyewe hadi kuwaka bila mtu kuvigusa. Vitandazwe nje vikauke, au viwekwe kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Mpendekezee njia nyingine ya kuondoa picha. Turubai inaweza kupakwa rangi nyeupe juu na kutumika tena, jambo ambalo wachoraji wamelifanya karne nyingi na linaokoa pesa, au ikachanwa vipande. Kama anachohitaji ni kuona picha imetoweka, kupaka juu kunatosheleza wengi. Kama ni lazima iwe moto, basi isiwe kamwe rangi mbichi wala tapentaini, isiwe karibu na nyumba, na asiwe peke yake.

Kuna wakati kuchoma hubadilika maana, na hapo usisubiri jibu la mtaalamu wa mtandaoni. Akisema sauti ndiyo inayomwamuru achome. Akianza kuchoma usiku bila kulala, au kuchoma vitu visivyo vyake, nguo, vyeti, vitu vya wazazi. Akiacha dawa. Na zaidi ya yote, akianza kugawa vitu anavyovithamini, kama lile gitaa ambalo hajaligusa, akiaga watu, akisema hatahitajika tena au kwamba nyote mtapumzika. Hapo mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye kuna mtu wa kumwambia. Jibu likiwa ndiyo, au akikataa kujibu na moyo wako ukakataa, usimwache peke yake, ondoa dawa za akiba na vitu vya hatari karibu naye, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu maonyesho, namwogopa kidogo huyo rafiki, ingawa huenda nia yake ni njema. Barrett alipokufa, vitu vilivyokuwa nyumbani kwake, vikiwemo picha na hata samani alizotengeneza mwenyewe, vilipigwa mnada Cambridge na kuingiza takribani pauni 120,000. Walionunua walinunua Syd wa hadithi. Lakini yeye kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa amerudia jina lake la Roger, na mashabiki waliomgongea mlango wakimtafuta Syd walimsumbua. Maonyesho yanayotangazwa kama safari ya mpiga gitaa aliyechanganyikiwa yatafanya hivyohivyo kwa mdogo wako, akiwa hai na akisikia. Kuna mfano tofauti: Daniel Johnston wa Marekani, mwimbaji aliyelazwa hospitali za akili mara kadhaa, alichora mwenyewe mwaka 1993 yule chura mkubwa kwenye ukuta wa duka la kaseti na sahani za muziki mjini Austin, na mwaka 2006 michoro yake ikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya jumba la sanaa la Whitney, New York. Alitaka watu waone. Huyu wenu anachoma. Kwa sasa jibu lake mnalo. Akibadilika, aulizwe yeye kwanza: picha zipi, jina gani, na ugonjwa utajwe au usitajwe.

Mwisho, pengine utaambiwa umpeleke kwenye tiba kwa sanaa. Mimi mwenyewe naiamini na nimeifanya, kwa hiyo sitaki kuipamba. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2012, wenye washiriki 417 wenye skizofrenia, haukuona kwamba vikundi vya tiba kwa sanaa viliwaboreshea hali kuliko matibabu ya kawaida pekee, na wengi hawakuhudhuria mara kwa mara. Wapo wanaofaidika, hasa waliokosa maneno ya kujieleza. Lakini haichukui nafasi ya dawa, na kwa mtu aliyeshajipatia uchoraji wake, kumgeuzia uwe kipindi cha matibabu kunaweza kumharibia. Ningetanguliza mambo ya kawaida zaidi: kliniki yake asiikose, na safari ijayo mwende wote wawili kama ataridhia, ukiwa na ile karatasi ya dalili mlizoziandika pamoja. Mwambie daktari kuhusu usingizi wake, mkono wake na moto. Kuhusu wadudu, mwache aeleze yeye kama anataka. Na wewe pia, dada, mtu anayekesha akisikiliza chumba cha pili anahitaji kuonwa na daktari. Omba nafasi yako mwenyewe siku hiyohiyo.